Heko Bryn Mawr
Chuo cha wanawake cha Bryn Mawr, Pennsylvania, kilichofunguliwa mwaka 1885, kinastahili pongezi kwa kuwaamini wanafunzi wake. Tangu 1892 wanajitawala: hujitungia kanuni na kuzisimamia wenyewe. Mitihani mingi hujipangia saa ya kuifanya, bila msimamizi kuwakodolea macho, na kutambiana alama ni mwiko. Majani yakipukutika, wa mwaka wa pili huwakabidhi wanafunzi wapya taa za chuma zenye vioo vya rangi ya kundi lao, nyimbo za Kigiriki zikirindima gizani. Si kila binti atapazoea; anayependa umati na shangwe za viwanjani huenda akapwaya. Lakini mwenye kiu ya elimu isiyo ya kukomoana, hapo amefika. Hongera zao!