Kumfuata Mtu au Kulifuata Eneo

Mdadisi anayerudi katika kijiji cha pwani kama Msimbati, mkoani Mtwara, baada ya miaka miwili ataikuta nyumba, lakini si lazima awakute wenyewe. Mvuvi huwa kahamia dago, yaani kambi ya wavuvi, binti kaolewa mjini, kijana kavuka mto Ruvuma kwa ndugu zake wa Msumbiji. Wahamaji hao ndio mtihani wa kila utafiti wa muda mrefu: wakipotea, takwimu hubaki na habari za waliotulia tu.

Tanzania imetumia njia mbili.

Ya kwanza ni kumfuata mtu. Mwaka 2008/09 Ofisi ya Taifa ya Takwimu ilianza utafiti wa kufuatilia kaya kwa kuteua maeneo 409 ya kuhesabia watu, Bara na Zanzibar, na kaya nane katika kila eneo. Kaya 3,265 zilihojiwa kuhusu kipato, chakula, elimu na afya. Wanakaya wakapimwa uzito na urefu. Katika awamu ya 2010/11, mwanakaya wa miaka 15 au zaidi aliyehama alitafutwa popote nchini, isipokuwa mtumishi wa ndani, na kaya aliyohamia ikaingizwa kwenye orodha. Hivyo idadi ikapanda hadi 3,924, huku kaya zilizopotea zikiwa takriban asilimia 3 tu. Ila kanuni hiyo ilikoma mpakani. Aliyehamia Palma, Msumbiji, hakufuatwa.

Ya pili ni kulifuata eneo, na kusini kuna mfano mzuri. Julai na Agosti 2004, timu 13 za watafiti wa kituo cha utafiti wa afya cha Ifakara na wenzao zilipita kaya 21,600 katika wilaya tano za Lindi na Mtwara kwa wiki saba. Majibu yaliingizwa papo hapo kwenye kompyuta za mkononi, na kila jioni yakahamishiwa kwenye kompyuta ya timu.

Baadaye ukaja utafiti wa kunusuru watoto wachanga. Kata zote 132 za wilaya sita, ikiwemo Mtwara Vijijini inayofika mlango wa mto Ruvuma, ziligawanywa kwa bahati nasibu. Katika kata 65, wanawake wa kujitolea walimtembelea mjamzito mara tatu, kisha mara mbili baada ya kujifungua. Kata 67 zikawa za kulinganishia. Ilichaguliwa kata badala ya mtu kwa sababu ushauri haukai nyumba moja: jirani humwambia jirani.

Kaya zilipozungukiwa upya mwaka 2013, waliojifungulia katika kituo cha afya walikuwa asilimia 82 kwenye kata zilizotembelewa, dhidi ya 75 kwenye kata za kulinganishia. Vifo vya wachanga havikutofautiana.

Njia hii haihitaji kumsaka mhamaji, lakini huweza kumhesabu mahali asipopatia huduma, na tofauti ikafifia. Kwa mwambao wa Ruvuma, basi, dodoso la eneo liongezewe swali moja kwa kila mama: wakati wa mimba hii uliishi kata gani, au ng'ambo ipi?