Jina la Kuazima: Wakimbizi wa Burundi katika Vitabu Viwili

Makala haya yanatupia jicho vitabu viwili ambavyo havikuandikwa kwa Kiswahili, wala havikukusudiwa walimu wa Kiswahili. Cha kwanza ni Purity and Exile cha Liisa Malkki, kilichotoka mwaka 1995. Cha pili ni Fear in Bongoland cha Marc Sommers, kilichotoka mwaka 2001 na kupata Tuzo ya Margaret Mead mwaka 2003. Vyote viwili ni kazi za wanaanthropolojia, na vyote vinahusu Wahutu waliokimbia Burundi mwaka 1972 pamoja na watoto wao. Tunavileta hapa kwa sababu moja: vinaeleza namna watu walivyoficha asili yao, na kwa kiasi kikubwa walijificha ndani ya lugha tunayoifundisha.

Kwanza tukumbuke historia yenyewe. Tarehe 29 Aprili 1972 uasi ulizuka kusini mwa Burundi, katika mwambao wa Ziwa Tanganyika, maeneo ya Rumonge na Nyanza-Lac. Waasi wa Kihutu waliua Watutsi wengi. Serikali ya Michel Micombero ilijibu kwa mauaji makubwa zaidi yaliyoenea nchi nzima. Wahutu wenye elimu, yaani walimu, wanafunzi, makarani na watumishi wa makanisa, ndio waliotafutwa kwanza. Makadirio ya waliouawa huanzia 100,000 na kupita 200,000. Mwezi Desemba 2021 Tume ya Ukweli na Maridhiano ya Burundi ilitamka kuwa hayo yalikuwa mauaji ya kimbari. Watu wa mwambao, kuanzia Rumonge na Gatete hadi Nyanza-Lac, walivuka kwa mitumbwi au kwa miguu. Wengi walipelekwa katika makazi ya Katumba, Ulyankulu na baadaye Mishamo. Wengine walibaki mjini Kigoma.

Malkki alifanya utafiti wake mwaka 1985 na 1986, na anayalinganisha makundi haya mawili. Kule Mishamo alikuta watu wanaosimulia historia yao kila siku, wakijiita Wahutu na wakimbizi bila kusita, na wakiuona ukimbizi kama dhamana ya kurudi kwao siku moja. Mjini Kigoma alikuta kinyume chake. Huko mtu alikuwa Muha leo, Mswahili kesho, na majina yalibadilika kwa kadiri ya haja. Alioa au kuolewa na wenyeji, akaingia dini ya jirani, akatafuta karatasi za uraia. Kambi ililinda asili, na mji uliitawanya. Huu ndio ufunguo wa kitabu kizima, na si rahisi kuusahau baada ya kuusoma.

Sommers anatupeleka mbali zaidi, hadi Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya 1990. Vijana anaowaeleza walizaliwa au kukulia makambini, wakatoroka bila vibali na kuwa mafundi cherehani jijini. Wengine walilala humo humo dukani. Walijitambulisha kuwa ni watu wa Kigoma. Kanisa la Kipentekoste liliwapa wadhamini na mahali pa kukutana. Kama jina la kitabu linavyodokeza, kinachotawala maisha yao ni hofu. Wanawahofia polisi na majirani, na hata wakimbizi wenzao, kwa sababu mgawanyiko kati ya watu wa Imbo, yaani tambarare ya ziwani, na Banyaruguru wa milimani uliwafuata hadi jijini.

Hapo ndipo Sommers anapomsahihisha Malkki, hata kama hakukusudia. Ukimsoma Malkki peke yake unaweza kudhani kwamba mkimbizi wa mjini ameutua mzigo wa kabila na sasa ni mtu huru wa dunia. Vijana wa Sommers hawakuutua mzigo huo, waliuficha tu chini ya meza ya cherehani. Kubadili jina hadharani hakukuwazuia kuulizana faraghani nani ni wa Imbo na nani ni wa milimani. Mtu aliyejificha na mtu aliyesahau wanaweza kufanana kwa nje, na mtafiti anapaswa kuwatenganisha.

Hata hivyo, vitabu vyote viwili vina upungufu mmoja ambao mwalimu wa lugha atauona haraka. Waandishi wanalichukulia jina kama kitambulisho tu, ambacho hutolewa kimoja kikawekwa kingine. Hawakai vya kutosha na swali la jina lenyewe husema nini katika Kirundi, na husema nini katika Kiswahili.

Tuchukue mfano kutoka mbali ili jambo lieleweke. Wareno waliohamia Marekani mara nyingi walibadili majina yao ya ukoo: Pereira akawa Perry, Rodrigues akawa Rogers. Kabla ya hapo, Wayahudi wa Ureno waliolazimishwa kubatizwa mwaka 1497 walichukua majina ya Kikristo. Katika hali zote mbili kilichokatwa ni uzi wa ukoo. Mjukuu anayetafuta asili yake leo huanza na jina la mwisho na kurudi nyuma kizazi kwa kizazi.

Kwa Mrundi uzi huo haukuwamo ndani ya jina. Kwa desturi ya Kirundi kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe, na si lazima lifanane na la baba yake. Jina hilo ni sentensi. Harerimana maana yake ni Mungu ndiye aleaye, na mwanafunzi wa isimu atatambua mara moja kwamba kurera kwao ndiko kulea kwetu. Nshimirimana ni namshukuru Mungu. Baranyanka, jina lililochukuliwa na chifu mmoja mashuhuri wa enzi ya ukoloni, ni wananichukia. Mzazi humsemesha Mungu au jirani kupitia mtoto. Jina kama hilo halitaji ukoo, wala peke yake halimtenganishi Mhutu na Mtutsi. Lakini likisikika mbali na kwao, linataja nchi.

Kwa hiyo inatupasa kutofautisha mafichoni mawili ambayo vitabu hivi vinaelekea kuyachanganya. Ndani ya Burundi mwaka 1972, kilichohitaji kufichwa kilikuwa kabila, na jina halikusaidia sana kwa sababu jirani na mwalimu walikufahamu. Ukishavuka hadi Kigoma, kilichohitaji kufichwa kilikuwa nchi na hadhi ya ukimbizi. Huko ndiko jina lilipoanza kuwa hatari, na huko ndiko Kiha kilipokuwa ngao, kwa kuwa Muha na Mrundi husikilizana bila mkalimani.

Sasa tutazame upande wa Kiswahili. Mtu akijiita Juma Hamisi Saidi hajajipa jina moja tu. Amejipa na baba na babu, kwa maana mpangilio wetu wa majina matatu ni nasaba fupi. Aliyeacha sentensi ya Kirundi akachukua majina ya Kiswahili aliazima ukoo ambao hakuwa nao, na alipaswa kuukumbuka kila alipoulizwa. Si kazi nyepesi. Kuna na ulimi pia: Kirundi hakitenganishi l na r, kwa hiyo kula na kura huweza kuwa neno moja mdomoni mwa mgeni. Kwa mtu anayejificha, kosa ambalo sisi husahihisha kwa kalamu nyekundu lingeweza kumpeleka kituo cha polisi.

Tena mlango walioupitia ni wa zamani. Tangu misafara ya karne ya 19, Ujiji na mwambao wote ulipokea watu wa asili nyingi ambao kwa jina, dini na lugha wakawa Waswahili. Waswahili wa Rumonge na wa mtaa wa Buyenzi mjini Bujumbura wana miongoni mwao wazao wa Wamanyema na Wabwari. Wamekaa nje ya mgawanyo wa Mhutu na Mtutsi. Nchini Burundi, kama ilivyo Tanzania, neno Mswahili laweza kumaanisha mjanja asiyeaminika. Pengine dharau hiyo ni bei ya kuwa na mlango ulio wazi kwa kila mtu.

Je, ni suala la historia tu? La hasha. Tanzania iliwapa uraia wakimbizi wa 1972 takriban 162,000, na vyeti vilianza kutolewa mwaka 2014. Kiasi cha 50,000 walichagua kurudi Burundi kuanzia mwaka 2008. Waliorudi Rumonge walikuta mashamba na michikichi ya wazazi wao mikononi mwa watu wengine. Katika shauri la ardhi swali la kwanza ni: wewe ni mtoto wa nani? Jina lililookoa maisha Kigoma halijibu swali hilo Gatete. Mwenye jina la kuazima humtegemea mzee atakayesimama na kusema namjua huyu, nilimjua na baba yake.

Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa, nasi huifundisha methali hiyo kama ukweli usio na shaka. Vitabu hivi vinatulazimisha kuijadili upya darasani. Wapo walioshika asili wakafa, na wapo walioiacha kwa nje ili watoto wao waishi na waje kuiuliza.

Pendekezo letu kwa walimu ni dogo. Zoezi la somo la kwanza, jitambulishe: jina lako, jina la baba, kabila lako, ulikotoka, limo karibu katika kila kitabu cha wanaoanza. Katika darasa la Kigoma, Kasulu au Rumonge, maswali hayo manne ndiyo yale yale ya askari wa barabarani. Mwanafunzi aachiwe kujibu kwa mhusika wa kubuni akitaka, na asisahihishwe kuhusu jina lake. Sarufi ya kujitambulisha itafundishika vile vile.

Vitabu vyenyewe tunavipendekeza kwa dhati. Anzeni na Malkki kwa ajili ya hoja, kisha Sommers kwa ajili ya watu. Sura inayokosekana, ile ya majina yenyewe kama lugha, inaweza kuandikwa na mwanafunzi wa idara yoyote ya Kiswahili mwenye masikio ya Kirundi na subira ya kusikiliza bila kuuliza jina halisi.