Kuorodhesha na Kuchuja: Uhakiki wa Istilahi Mbili za Mfumo wa Git kwa Mjifunzaji wa Nakivale na Mbarara

Makala haya yanahakiki maneno mawili ambayo mtafsiri wa programu huyachukua bila kusita, yaani kuorodhesha na kuchuja, pamoja na neno la tatu linaloambatana nayo, rejeleo. Uwanja wa uhakiki ni Git, mfumo wa kudhibiti matoleo ulioanzishwa na Linus Torvalds mwezi Aprili 2005 kwa ajili ya kiini cha Linux. Msomaji ninayemkusudia ni kijana wa makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro, au wa jiji la Mbarara, anayejifunza kuandika programu pamoja na wenzake. Mmoja wao ametoka Uvira na alisoma kwa Kifaransa. Mwingine ni Mrundi. Wa tatu ni Munyankole aliyesoma kwa Kiingereza. Ujumbe wa Git umekwisha kutafsiriwa kwa Kifaransa, na kwa Kiingereza upo tangu mwanzo. Lakini vijana hao wanapoinamia kompyuta moja, lugha wanayokutania ni Kiswahili, na hapo ndipo istilahi zetu hupimwa.

Nianze na rejeleo. Katika Git kila hatua ya kazi inayohifadhiwa hupewa kitambulisho ambacho kwa kawaida kina herufi na tarakimu 40. Hakuna anayekikariri. Kwa hiyo mfumo huweka majina mafupi, yaani matawi na lebo, na kila jina huelekeza kwenye kitambulisho kimoja. Kuliita jina hilo rejeleo ni kumpeleka mwanafunzi mahali pengine kabisa, kwa kuwa kwake marejeleo ni orodha ya vitabu inayokaa mwishoni mwa makala. Isitoshe, mzizi wake ni kurejea, ilhali tawi la Git husogea mbele kila hatua mpya inapowekwa juu yake. Napendekeza kielekezi. Najua kwamba wapo wanaolitumia neno hilo kwa mshale wa kipanya, lakini sioni sentensi ambamo vitu hivyo viwili vitagongana.

Kuorodhesha kuna tatizo la aina nyingine. Katika Kiswahili sanifu kitenzi hiki hubeba maana mbili: kuingiza jina katika orodha, na kutaja majina yaliyomo. Wasomi wa chuoni huenda wasiuone utata huo. Nakivale hawawezi kuukosa. Makazi hayo yalifunguliwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya wakimbizi wa Rwanda, na tangu hapo yamepokea Wakongo, Warundi, Wasomali na wengineo. Kwa wote hao kuorodheshwa ni tendo la afisa mwenye daftari au mashine ya alama za vidole, na ndilo linalofungua mlango wa chakula na kiwanja. Mwongozo ukisema «orodhesha matawi», msomaji wa huko ana haki ya kudhani kwamba anatakiwa kuyasajili. Amri ya `git branch --list` haisajili chochote. Huonyesha tu. «Onyesha orodha» ni maneno mawili badala ya moja, nami nayaona yana thamani ya herufi zilizoongezeka.

Neno kuchuja ndilo linaloniudhi zaidi. Anayechuja tui huacha machicha kwenye kichujio. Anayechuja chai huyatupa majani. Katika michezo na uchaguzi, mchujo ni kuondolewa. Kwa matumizi hayo yote, kilichochujwa kimetoka. Mnamo mwaka 2018 Ofisi ya Waziri Mkuu ya Uganda na Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi walifanya uhakiki wa wakimbizi nchi nzima kwa kutumia alama za mwili, baada ya shutuma kwamba idadi ilikuwa imetiwa chumvi. Idadi iliyokuwa ikitajwa ni takriban milioni 1.4, waliothibitishwa walikuwa takriban milioni 1.1. Sijadili hapa usahihi wa zoezi hilo. Ninachosema ni kwamba, mbele ya watu waliopita katika foleni hiyo, kitenzi kuchuja kina uzito ambao mtafsiri aliyeketi mbali na Isingiro hausikii.

Na Git haifanyi hivyo. Anayeandika `git branch --no-merged` huonyeshwa matawi ambayo kazi yake bado haijaunganishwa na tawi alilosimamia. Mengine yote yapo palepale, hayakuguswa. Mwanafunzi aliyeambiwa «chuja» ataogopa kuitumia amri hii, ambayo ndiyo ingemfichulia kazi ya mwenzake iliyosahaulika. Kuna upotevu wa kweli katika Git, lakini uko kwingine: tawi likifutwa, na hatua zake zikawa hazielekezwi na jina lolote, hubaki kwa muda tu, kwa kuwa kumbukumbu ya ndani ya hatua za namna hiyo kwa kawaida hudumu siku 30, na baadaye usafishaji huweza kuziondoa. Tukitumia kuchuja kwa lile tendo lisilodhuru, tumebakiwa na neno gani la kumtahadharisha juu ya hili linalodhuru? Teua linatosha: «teua matawi ambayo hayajaunganishwa».

Haki inanitaka niseme pia kwamba si kila mkanganyiko umeletwa na watafsiri. Tuchukue mradi wa kubuni ambamo tawi limepewa jina `tafsiri/kirundi/sura1`. Amri `git branch --list 'tafsiri/*'` italionyesha. Amri `git for-each-ref 'refs/heads/tafsiri/*'` haitalionyesha, kwa sababu hapo nyota haivuki mkwaju, ingawa ukiiondoa nyota na kuacha `refs/heads/tafsiri` litatokea. Nayo `git show-ref sura1` italipata kwa kulinganisha jina kuanzia mwisho wake. Amri tatu za mfumo mmoja zinakisoma kigezo kwa namna tatu, na hakuna istilahi itakayolifunika jambo hilo. Mwongozo wa Kiswahili unapaswa kulieleza kwa mifano, hata kama ule wa asili umelipitia kwa mkato.

Kwa washauri wa sera, suala hili lina tarehe. Marekebisho ya Katiba ya Uganda ya mwaka 2005 yalikitaja Kiswahili kuwa lugha rasmi ya pili, na mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliidhinisha kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Vitabu vya kompyuta vitafuata. Vikiandikwa kwa kunakili orodha za istilahi zilizokubaliwa Dar es Salaam au Nairobi bila kuzijaribu, mwalimu wa Isingiro atalazimika kuzifasiri upya darasani, kwa wanafunzi ambao Kiswahili chao kimekuzwa Goma, Bukavu na Uvira pamoja na mikopo yake ya Kifaransa. Kuzijaribu hakugharimu sana: wape wanafunzi kumi sentensi «chuja matawi», kisha waulize ni matawi gani yatakayobaki kesho.

Liko jambo moja ambalo jaribio hilo lisiliache nje. Panapokuwa na mtandao wa kusuasua, `git branch -a` huonyesha matawi ya seva kama yalivyokuwa siku mashine ilipoleta taarifa mara ya mwisho, pengine wiki tatu zilizopita. Ni `git ls-remote` inayoiuliza seva yenyewe. Neno «orodha» halimwambii mwanafunzi tofauti hiyo, na mwalimu wake hana budi kumwambia ni orodha ya lini.