Marimba ya Baganda katika Tarakimu: Uhakiki wa Kazi ya Joseph Kyagambiddwa

Mwaka wa 1955 Joseph Kyagambiddwa, mtaalamu wa muziki wa Buganda, alichapisha mjini New York kitabu *African Music from the Source of the Nile*. Humo aliandika kwa tarakimu nyimbo nyingi za amadinda, marimba ya mbao kumi na mbili. Kitabu hicho yafaa kipimwe kwa kile kilichohifadhi na kwa kile kisichoweza kuhifadhiwa na maandishi.

Amadinda hupigwa na watu watatu. Omunazi huanza kwa mapigo yaliyo sawa. Omwawuzi, aliyeketi mkabala naye, huingiza yake katikati ya hayo. Omukoonezi husikiliza sauti zinazoangukia mbao mbili za chini kabisa, akazirudia kwenye mbao mbili za juu. Kwa kuwa ngazi ya sauti ni ya tano tu, tarakimu tano zinatosha. Mistari miwili ikishaandikwa, wa tatu hutokana nayo. Hapa Kyagambiddwa alitenda kama mwanaisimu: hakunakili wimbo tu, bali aliidhihirisha kanuni inayouzaa.

Hata hivyo Kiganda ni lugha ya toni. Mhakiki Mrusi Boris Asafyev (1884–1949) alisisitiza kuwa kiimbo ndicho kiungo cha usemi na muziki. Buganda inaithibitisha hoja hiyo, maana msikilizaji mwenyeji husikia maneno ndani ya mlio wa mbao. Tarakimu haziyasemi maneno hayo. Huyasema mwalimu, kama Evaristo Muyinda, mpigaji wa Kabaka, aliyewafundisha wenyeji na wageni, akiwemo mtafiti Gerhard Kubik wa Austria.

Tarehe 24 Mei 1966 jeshi lilishambulia ikulu ya Mengo, na wanamuziki wa Kabaka wakatawanyika. Mwaka wa 1967 falme zikafutwa. Tangu hapo kitabu kilichoandikwa kueleza sanaa iliyo hai kikawa pia ushahidi wa sanaa iliyopoteza makao yake. Thamani yake iliongezeka, na upungufu wake vilevile: karatasi iliokoka, lakini shule ya ikulu ilivunjika.

Fundisho hili lahusu pia Tanganyika ya Kongo. Kiluba nacho ni lugha ya toni. Atakayeandika nyimbo zake na aandike mapigo, maneno na toni kwa pamoja, wakati walimu wangalipo.