Kizuri Chajiuza? Sifa za Wachapishaji na Vitabu vya Uhakiki

Kila mwanzo wa mwaka walimu wa Kiswahili hupokea orodha za vitabu kutoka kwa wachapishaji. Vipya hutangazwa, vya zamani husemekana kuwa vimerekebishwa, na chini ya kila anwani huwekwa maelezo mafupi ya kusifu. Makala haya yanajadili namna ya kuyasoma maelezo hayo tunapochagua vitabu vya uhakiki. Hoja yetu ni kuwa mchapishaji husifu kitabu kimoja kimoja, ilhali vitabu vya kitaaluma hueleweka vinapojibizana.

Katika fasihi simulizi, mtahiniwa hufundishwa kutofautisha sifo na majigambo. Sifo humsifu mwingine. Majigambo ni ya kujisifu. Maelezo ya nyuma ya kitabu huvaa vazi la sifo, lakini kwa kuwa msifu ndiye muuzaji, yana tabia za majigambo: chuku, takriri na kunyamazia udhaifu. Wahenga walisema asifuye mvua imemnyea. Mwalimu na aulize kama msifu huyu amenyewa, au anauza miavuli.

Hatusemi kuwa wachapishaji ni waongo. TUKI ilipotoa Tenzi Tatu za Kale mwaka 1999 chini ya uhariri wa M. M. Mulokozi, ilituwekea katika jalada moja tenzi za Fumo Liyongo, Al-Inkishafi na Mwanakupona. Kazi kama hiyo haina mvuto wa mwongozo wa kitabu teule sokoni, lakini mwalimu anayefundisha mighani ya Liyongo bila kuiona hufundisha kwa kusikia.

Tuchukue mfano wa ushairi. Mwaka 1954 Kaluta Amri Abedi alichapisha Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, akisisitiza vina na mizani. Miaka 20 baadaye, Euphrase Kezilahabi alitoa Kichomi, diwani yenye mashairi huru. Mulokozi na K. K. Kahigi, katika Kunga za Ushairi na Diwani Yetu, walitetea fasili pana ya ushairi isiyofungwa na vina na mizani. Naye Ibrahim Noor Shariff, katika Tungo Zetu (1988), aliturejesha kwenye mizizi ya tungo za pwani, ambamo shairi ni bahari moja tu miongoni mwa nyingi.

Mwalimu mwenye kitabu kimoja tu kati ya hivi hufundisha nusu ya mgogoro akidhani ni ukweli mzima. Mtahiniwa wake anapokutana na shairi huru katika Karatasi ya 3, huandika kuwa lina kasoro kwa kukosa vina, badala ya kueleza mpangilio wa mishororo na athari yake. Aliyefundishwa upande wa pili pekee huona vina kuwa pingu tu. Akiulizwa kuhusu uhuru wa mshairi, hutaja inkisari na tabdila, lakini hawezi kusema kuwa ya kwanza imetosheleza mizani na ya pili imeleta urari wa vina. Wote wawili hupoteza alama, na kosa si lao.

Habari za "toleo jipya" nazo zihakikiwe. Chapa mpya ni kitabu kile kile kilichopigwa chapa tena; toleo jipya hudai kuwa yaliyomo yamebadilika. Kabla ya kutumia pesa za shule, linganisha yaliyomo na dibaji ya kitabu cha zamani.

Kwa maktaba ya shule tunapendekeza vitabu vitatu vya kusomwa pamoja. Ufundishaji wa Fasihi: Nadharia na Mbinu cha Kimani Njogu na Rocha Chimerah (1999) kinamfaa mwalimu anayetaka kuhusisha nadharia na darasa. Uhakiki wa Fasihi: Misingi na Vipengele Vyake cha K. W. Wamitila (2002) kinampa msingi wa vipengele vya kuhakiki. Kamusi ya Fasihi: Istilahi na Nadharia cha mwandishi huyo huyo (2003) kinatatua ubishi wa istilahi unaozuka wakati wa kusahihisha. Hata hivyo, mtahiniwa asikariri kamusi: kutaja jazanda bila kuonyesha inachofanya katika dondoo si uhakiki.

Mwalimu anaweza pia kuwapa wanafunzi zoezi hili: wasome maelezo ya nyuma ya kitabu teule walichokimaliza, wabainishe chuku mbili, kisha waandike aya moja ya kuyakosoa kwa ushahidi kutoka kitabuni. Atakayeweza kufanya hivyo hatameza mwongozo mzima mzima.

Husemwa kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kwa vitabu vya kitaaluma methali hii hujikwaa. Kizuri aghalabu hukaa rafuni kikisubiri mwalimu akitembeze.