Vyuo vinafunza akili bandia huku Kiswahili kikiachwa nje ya mlango

Kila KUCCPS inapofungua mtandao wake ili waliofanya KCSE wachague kozi, simu yangu haipumziki. Wazazi huuliza swali lilelile kwa maneno tofauti: "Prof, huyu mtoto asome Kiswahili ama asome hii akili bandia?" Simlaumu mzazi. Vyuo vikuu vyenyewe ndivyo vilivyomfundisha kuuliza hivyo. Vimejenga ukuta, upande huu wameketi wanaosoma lugha, upande ule wanaosoma akili bandia, mashine kujifunza na data kubwa. Hoja yangu wiki hii ni kwamba ukuta huo ni dosari ya kitaaluma, na anayeumia kwanza ni yule wa upande wa kompyuta, ingawa yeye hajui.

Tuanze na majina, maana ukumbi huu ni wa lugha. Istilahi ya Kiingereza tunayoitafsiri ilitumiwa na John McCarthy na wenzake mwaka 1955, walipoandika pendekezo la warsha iliyofanyika chuoni Dartmouth, Marekani, mwaka uliofuata. Sisi Kenya tunasema "akili bandia". Ndugu zetu wa Tanzania wana "akili mnemba", na wapo wasemao "akili unde". Wanaoichukia "bandia" hukumbusha noti bandia na dawa bandia. Sawa, lakini meno bandia je? Hayamdanganyi mtu, yanatafuna nyama vizuri tu. Mimi sina ugomvi na neno hilo.

Ninalogombana nalo ni "ujifunzaji wa mashine", ambalo nimeliona katika tafsiri kadhaa. Kihusishi "wa" kinaficha mtenda. Ukisema "ujifunzaji wa mtoto", mtoto ndiye anayejifunza. Ukisema "ujifunzaji wa Kifaransa", Kifaransa ndicho kinachojifunzwa. Sasa mashine hapa ni mwanafunzi ama ni somo? Arthur Samuel, aliyelieneza jina la taaluma hii mwaka 1959, alikuwa na programu ya kucheza drafti iliyoboreka kadiri ilivyocheza, kwa hivyo mashine ndiyo mwanafunzi. "Mashine kujifunza" lingetosha. Na hii "data kubwa" nayo? Mchungaji hawezi kusema ng'ombe wakubwa akimaanisha ng'ombe wengi. Hata hivyo sitakesha hapa. Tuliwahi kupewa "ngamizi" na "tarakilishi", na leo ukiingia maabara yoyote chuoni utasikia "kompyuta". Istilahi huamuliwa na watumiaji.

Twende darasani basi. Ukisoma mitaala ya shahada hizi utakuta mambo mazito na ya lazima: matrisi, kalkulasi, uwezekano, takwimu, lugha ya programu iitwayo Python, hifadhidata, mitandao ya neva, na mwishoni kijikozi cha maadili. Sina neno na hayo. Tazama lakini data ambayo mwanafunzi hufanyia mazoezi. Kwanza ni maua ya airisi, 150 kwa jumla, ambayo vipimo vyake vilichapishwa na Ronald Fisher mwaka 1936. Halafu orodha ya abiria wa meli ya Titanic, ili mwanafunzi abashiri nani alizama na nani alinusurika mwaka 1912. Halafu picha 70,000 za tarakimu zilizoandikwa kwa mkono na wafanyakazi wa idara ya sensa ya Marekani na wanafunzi wa shule za upili wa kulekule. Kwa miaka mingi palikuwa pia na jedwali la bei za nyumba za Boston, lenye safu 506, lililotokana na utafiti wa mwaka 1978. Moja ya vigezo vyake ilikokotolewa kutokana na idadi ya watu weusi mtaani. Watunzaji wa scikit-learn, maktaba ya programu inayotumiwa mno na wanafunzi, hatimaye waliliondoa kwa sababu hiyo.

Kwa hivyo kijana wa Kakamega au Kilifi anaweza kufuzu akiwa amebashiri vifo vya Titanic mara ishirini, na hajawahi kuhesabu ngeli hata moja ya lugha anayonunulia sukari. Mhadhiri atasema data hizo ni za mazoezi tu, hisabati haina kabila. Hisabati haina, ni kweli. Ila zoezi humfundisha mwanafunzi data hutoka wapi, na huyu amefundishwa kwamba hutoka kwa wengine, imeshasafishwa.

Ubaya wa mafunzo hayo huonekana mashine inapokutana na kitenzi chetu. Chukua "hatutawapikia". Mwanafunzi wa kidato cha pili atakichanganua bila kutoka jasho: ha- ya ukanushi, -tu- ya nafsi, -ta- ya wakati ujao, -wa- ya watendewa, mzizi -pik-, -i- ya kauli ya kutendea, na -a ya kiishio. Viungo saba, kila kimoja na kazi yake. Mashine za lugha hazikati hivyo. Nyingi hutumia mbinu iliyotokana na kazi ya Philip Gage ya mwaka 1994, ambayo kusudi lake lilikuwa kubana mafaili yachukue nafasi ndogo. Herufi zinazokaa pamoja mara nyingi zaidi huunganishwa kuwa kipande kimoja, kisha vipande navyo huunganishwa. Mara nyingi zaidi katika maandishi gani? Hapo ndipo penye shida. Modeli ya GPT-3 ya mwaka 2020 ilifunzwa kwa matini ambayo zaidi ya asilimia 90 ya maneno yake yalikuwa ya Kiingereza. Basi vipande vyake ni vya Kiingereza, na "hatutawapikia" hukatwa kama muwa uliokatwa gizani. Na kwa kuwa kampuni nyingi hutoza kwa idadi ya vipande, ujumbe uleule kwa kawaida humgharimu zaidi anayeuandika kwa Kiswahili. Ajabu ni kwamba mwanafunzi wa kompyuta anaweza kukueleza mbinu hiyo kwa kanuni zake zote, lakini asikwambie imekata wapi pasipostahili, kwa sababu mofolojia aliiacha mlangoni mwa shule ya upili.

Mfano mwingine. Andika: "Daktari alimwambia muuguzi kuwa amechelewa." Iambie mashine itafsiri kwa Kiingereza. Kiswahili hakitaji jinsia, kiambishi "a-" ni cha yeyote, mwanamke au mwanamume. Kiingereza hudai jinsia, na mashine hulazimika kuchagua. Mara nyingi daktari huwa mwanamume na muuguzi huwa mwanamke, kwa sababu hivyo ndivyo matini zilizoifunza zilivyosema mara nyingi zaidi. Hilo la jinsia limeandikwa sana, na wanafunzi wa kompyuta wanalijua. Lakini sentensi yangu ina tego la pili, ambalo wengi wao hulipita wakipiga mluzi: ni nani amechelewa, daktari au muuguzi? Kiswahili kimeacha mlango wazi, na mashine imeufunga bila kubisha hodi. Mtu anayesoma ripoti ya hospitali iliyotafsiriwa hivyo hatajua kwamba palikuwa na mlango.

Nisiwe mchoyo. Kiswahili cha mashine kimeboreka kiasi cha kunishangaza, tena bila kutuuliza sisi wa idara za lugha. Upatanisho wa kisarufi mara nyingi uko sawa kuliko wa wanasiasa wetu. Hata hivyo ninaposahihisha insha siku hizi nakutana na "kucheza nafasi muhimu", "kufanya tofauti" na "katika ulimwengu wa leo unaobadilika kwa kasi". Hicho ni Kiingereza kilichovaa kanzu. Mswahili angesema jambo "limechangia pakubwa", ama angenyamaza tu aingie kwenye hoja. Lugha hiyo ya kanzu itarudi mtandaoni, itazolewa tena, na mashine ya kesho itafunzwa kwayo. Nani atakuwepo kuona? Si yule aliyefundishwa kwamba jibu sahihi ni lile lenye alama ya juu katika jedwali la majaribio.

Nao wanaotia alama majibu ya mashine, tunawajua. Mnamo Januari 2023 jarida la Time liliripoti kuhusu vijana wa Nairobi waliolipwa chini ya dola 2 kwa saa kusoma maandishi machafu kupindukia na kuyatia alama ili ChatGPT ijifunze kuyaepuka. Chuoni, kutia data alama ni mada yenye heshima, yenye sura yake kitabuni. Mjini ni kibarua. Na kibarua chenyewe kilikuwa cha matini za Kiingereza. Angalau basi wangeumia kwa ajili ya lugha yao!

Si kwamba hakuna aliyeianza kazi hii kwa Kiswahili. Arvi Hurskainen wa Chuo Kikuu cha Helsinki alianza katika miaka ya 1980 kuunda mfumo wa SALAMA, unaochanganua maneno ya Kiswahili kwa kanuni za sarufi, na korpasi ya Kiswahili ya Helsinki ilifikia maneno milioni 25. Mwaka 2009, Peter Waiganjo Wagacha wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzake wa Ubelgiji waliwasilisha SAWA, korpasi sambamba ya Kiingereza na Kiswahili. Karibuni zaidi, Kencorpus imewakutanisha watafiti wa Maseno, Nairobi na Africa Nazarene. Ina maneno milioni 5.6 na saa 177 za sauti, za Kiswahili, Kidholuo na Kiluhya, na juu yake kuna maelfu ya maswali na majibu ya Kiswahili. Ukilinganisha na mabilioni ya maneno ya Kiingereza ni tone. Kwa darasa la mwaka wa tatu ni bahari, na ni ya bure. Kwa nini mhadhiri wa Nairobi anaendelea kumzamisha mwanafunzi na Titanic?

Nimeliuliza swali hilo katika kikao cha kamati ya mitalaa ya chuo kimoja, nisichokitaja. Nilipendekeza kozi moja, muhula mmoja, ifundishwe na idara mbili. Nikajibiwa kwamba ratiba imejaa, na kwamba Kiswahili si sharti la kujiunga na shahada hiyo. Mwenyekiti akaongeza, kwa upole, kwamba lugha "itashughulikiwa na mashine yenyewe". Nikameza mate.

Lakini upande wetu nao si malaika. Idara za Kiswahili zimekuwa kimbilio la waliolizwa na Hesabu, na tumewaacha wakae hapo kwa raha. Tasnifu ngapi za uzamili zimeandikwa kuhusu maudhui na wahusika katika riwaya zilezile? Mtahini mmoja aliwahi kuniuliza kama hesabu ya mara ngapi neno limetokea ni "isimu kweli". Mwanafunzi wa namna hiyo akiitwa na kampuni ya kutengeneza mashine ya lugha atakuwa na mengi ya kulalamika na machache ya kutoa.

Mwaka huu ninao wawili wanaoshirikiana, mmoja wa Kiswahili na mmoja wa kompyuta, bila kozi, bila alama za ziada, kwa hiari yao. Wanatia sentensi za magazeti alama za aina za maneno, kwa kufuata mfumo wa kimataifa wenye aina 17. Kila mmoja hufanya peke yake kisha hulinganisha. Wiki ya kwanza walikwama kwenye neno "kwenye". Yule wa kompyuta aliliweka pamoja na vihusishi, maana katika Kiingereza hutafsiriwa hivyo. Wa Kiswahili alikataa katakata: hiyo ni "-enye" iliyopatanishwa na ngeli ya mahali, ndugu ya "yenye" na "wenye", na ukiiita kihusishi mashine haitajua undugu huo kamwe. Mwenzake akamwonyesha sentensi tele ambamo "kwenye" linafanya kazi ileile ya "katika". Waliniletea kesi hiyo ofisini. Niliwapa kitabu cha sarufi kinachomuunga mkono mmoja na kingine kinachomuunga mkono mwenzake. Sasa wamefika kwenye "ndipo", ambalo katika zile aina 17 halina pa kukaa, na wamekataa kunionyesha chochote mpaka waelewane wenyewe.