Meno Kabla ya Injini

Kule Mufindi chai haianikwi juani. Majani yaliyochumwa asubuhi hunyaushwa na kukaushwa kwa joto la mvuke, na mvuke huo hutoka kwenye maboila yanayokula kuni za milingoti, yaani mikaratusi. Kwa hiyo, kabla chai haijaingia kwenye pakiti, kuna mtu ameshika chenso. Wachuma chai husifiwa, na wanastahili. Mimi namsifu mkata kuni, hasa yule anayejua kuutunza msumeno wake.

Vijana wa kazi hii wakikutana, mazungumzo huwa ni injini: nani ana cc ngapi, nani kapanua tundu la silensa, nani katoa gasketi ya chini ya silinda ili mgandamizo uongezeke. Sidharau maarifa hayo. Silensa hutoka kiwandani ikiwa imebanwa kwa ajili ya kupunguza kelele, na tundu lake likipanuliwa kwa ustadi injini hupumua, ukaihisi nguvu mkononi. Ila anayepanua tundu hana budi kuifungua kidogo na skrubu ya H ya kabureta, maana hewa ikizidi na petroli nayo iongezwe. Asipofanya hivyo pistoni hupata joto kali, ikakwaruza silinda, na mashine ikaknoki. Wapo pia wanaong'oa wavu wa kuzuia cheche. Hilo silikubali hata kidogo: majani ya mlingoti yana mafuta, na kiangazi kinapokolea cheche moja inatosha kuteketeza shamba la watu.

Tena kuna suala la mwinuko, ambalo wengi hulisahau. Mashamba ya chai ya Mufindi yako kwenye takriban mita 1,800 hadi 1,900 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ina uzito wa kama asilimia 80 tu ya ule wa pwani. Chenso iliyotuniwa Tanga ikipandishwa huku hutoa moshi mzito, plagi ikawa nyeusi, injini ikakohoa. Ile iliyotuniwa huku ikiteremshwa Tanga hulia kwa sauti nyembamba ya kupendeza, kumbe inaungua. Fundi wa kweli hutuni kwa sikio. Akiivuta mpaka mwisho ikiwa haijagusa mti, hutaka kusikia mkwaruzo kidogo kwenye mlio. Ikizama kwenye gogo, mkwaruzo huo utoweke na sauti ilainike. Zipo sasa chenso za Stihl na Husqvarna zinazojirekebisha zenyewe kwa umeme, na ni kazi nzuri ya kihandisi. Hata hizo, hakuna inayojinoa.

Hapo ndipo ninapotaka kufika. Nguvu nyingi ambayo watu wanaitafuta ndani ya silinda imepotelea kwenye meno. Mwaka 1946, mkata miti Joseph Cox wa jimbo la Oregon, Marekani, aliona buu la mbawakawa likitafuna kisiki, likikata kushoto na kulia bila kujali nyuzi za mti zimeelekea wapi. Cheni za wakati ule zilikuwa na meno ya kukwaruza, zikihitaji kunolewa kila mara. Cox akatengeneza jino lililopinda linaloparura na kubeba kibanzi kwa mpigo mmoja, na mwaka 1947 akaanza kuziuza cheni zake. Umbo hilo ndilo tunalolitumia mpaka leo.

Mtazame anayejua kulinoa. Huubana msumeno kwenye ufa alioukata juu ya kisiki, akatafuta kwanza jino lililolika kuliko yote, kwa sababu mengine yote yatafuata urefu wake. Tupa ni ya duara, milimita 5.2 kwa cheni ya tatu kwa nane, 4.8 kwa ile ndogo yake. Husukuma kutoka ndani ya jino kwenda nje, kwa pembe ya nyuzi 30, akiinyanyua tupa kila inaporudi, maana kuirudisha ikiwa imegusa chuma ni kuiua. Mara mbili, mara tatu, basi. Kisha hulielekeza jino kwenye mwanga. Makali butu humeta, yana mstari mweupe kama uzi. Makali yaliyokaa sawa hayarudishi mwanga wowote. Upande mmoja ukimaliza ukiwa na meno marefu kuliko mwingine, msumeno utakata ukipinda, na mkataji atamlaumu aliyeuza.

Ikitoka hapo, chenso hujivuta yenyewe ndani ya mti, ikimwaga vibanzi vinavyoshikika. Ikianza kumwaga unga, nayo ikitaka kukandamizwa kwa uzito wa mwili, simama unoe. Matunzo mengine ni mepesi kuyaeleza, japo wengi huyakwepa: bapa ligeuzwe mara kwa mara lisilike upande mmoja, chujio la hewa lipigwe brashi jioni, oili ya kuchanganya iwe mililita 20 kwa lita ya petroli pale mtengenezaji anaposema 50 kwa 1. Oili chafu iliyomwagwa kutoka kwenye gari isitiwe kwenye tangi la cheni. Ina chembe za chuma zinazokula pampu. Na gogo lisikatwe likiwa limelala mchangani. Liinue juu ya magongo mawili.

Kwa mtazamo huu, hata kulinganisha misumeno kunabadilika. Stihl 070, yenye cc 106, inaheshimiwa na wapasua mbao, na kwa kupasua gogo nene kwa urefu inastahili heshima hiyo. Kwa kuni za unene wa paja ni kujitesa mgongo bure. Cc 50 yenye cheni kali itamaliza rundo mapema, nawe utabaki na mikono isiyotetemeka. Sikubali shindano la chenso mbili mpaka zimenolewa na mtu mmoja kwa tupa moja. Na ukitaka kununua iliyotumika, usihangaike na rangi. Fungua silensa, mulika tochi kwenye tundu la moshi, uitazame pistoni. Ikiwa ina michirizi ya wima, mrudishie mwenyewe. Ikiwa laini, tazama meno ya cheni: yakilingana kushoto na kulia, toa pesa.